Kumnywesha Chali

2 Juni

Binti yangu,

Nina miaka sabini na minane. Nimezika mabosi watatu, nimezika meno yangu yote isipokuwa manne, na kile kiwanda cha samani kilichoniambia nimezeeka kimefungwa, mimi bado napiga randa. Mwilini hakuna kinachouma ila goti, nalo linauma kwa ukorofi tu. Wewe hujambo? Mumeo hajambo?

Sikiliza. Paka aliyezaa kwenye maranda chini ya meza yangu ya kazi kagongwa na lori. Watoto watatu wamekufa, mmoja anapiga kelele kama msumeno butu. Hata macho hajafumbua. Fundi viatu jirani yangu kasema, "Mzee, katupe hako." Nikamwambia tupa kwanza viatu vyako. Namlaza chali kiganjani, namdondoshea maziwa ya ng'ombe kwa kichupa cha dawa ya macho, nimekiosha, kama nilivyokunywesha wewe mama yako alipofariki siku ya kujifungua. Wanaume wangapi wamelea kichanga peke yao? Mmoja. Ndiye huyu anayekuandikia.

Barua nampa dereva wa basi. Simu sitaki, inanikatiza nikiwa nasema.

Ni mimi baba yako, hodari.

5 Juni

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Goti lipake dawa, usibishane nalo.

Baba, nina miaka kumi na moja nafanya kazi kwa daktari wa mifugo, nisikilize mara moja tu. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha. Nimempa dereva akuletee unga wa maziwa ya paka. Kabla ya kumlisha mpashe joto, weka chupa ya maji vuguvugu uizungushie kitambaa. Akishashiba mfute chini ya mkia kwa pamba yenye maji, maana bila hivyo hawezi kukojoa. Mama yake angemlamba.

Na usimlaze chali. Mlaze kifudifudi, kichwa juu kidogo. Akiwa chali maziwa yanaingia kwenye mapafu.

Hilo la mwisho nakusihi.

Mwanao

8 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Unga umefika. Kupasha joto nimepasha. Mkia nimefuta, mimi, niliyemtengenezea kiti mkuu wa wilaya! Fundi viatu kacheka nusura ameze misumari aliyobana mdomoni.

Lakini la kifudifudi, hapana. Nani anamnywesha mtoto huku anatazama sakafu? Mlizaliwa wawili, nikawanywesha chali wote wawili. Wewe ulikuwa mtundu, ukipewa unajipindua ubavu, maziwa yote kwenye shati langu. Mwenzako alitulia. Mtoto mtiifu yule, nilimsifu kwa kila mtu, mpaka mafua yakamchukua siku ya tisa.

Huyu naye katulia. Ana mafua kidogo tu, maziwa yanamtoka puani na kifua kinakoroma. Yatapita. Nimelea, usinifundishe.

Baba yako, yule yule

10 Juni

Shikamoo Baba,

Salamu ndefu leo sina. Hayo si mafua. Acha kumlisha, mgeuze, mpeleke kwa daktari wa mifugo yeyote leo hii.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. La mwenzangu sikuulizi kwenye karatasi. Kwanza mgeuze.

Mwanao

27 Agosti

Binti yangu,

Hujaandika, nami sijaandika. Afya yako siijui, yangu usiulize.

Barua yako ilinikuta nimeshamfunga kwenye kitambaa. Nikampeleka kwa daktari hivyo hivyo, maiti, nipewe karatasi yenye mhuri kwamba ni mafua, nikutumie. Daktari akampasua kifua mbele yangu. Maziwa. Akaniuliza, "Mzee, ulikuwa unamlaza vipi?" Nikasema kifudifudi. Mzee mzima nikadanganya, tena mtu asiyenijua.

Wewe sikudanganyi tena. Mlipokuwa na siku sita, shangazi yako alisimama mlangoni akasema, "Kaka, mtoto anakoroma kifuani. Mwinue, usimpe akiwa chali." Nikamjibu, "Wewe hujafuga hata kuku, utanifundisha nini?" Nikamtupia mfuko wake barabarani. Siku ya tisa alirudi, mwenzako ameshaoshwa. Nikawatangazia watu ni mafua, naye kasimama pale pale ananitazama. Hajasema na mimi mpaka leo, miaka arobaini na minne. Wewe nilikuambia tuligombania kitanda cha marehemu baba yetu. Hapakuwa na kitanda.

Uliishi kwa sababu ulinibishia. Nilikuwa nakufinya ulale chali kama mwenzako.

Ukitaka kuacha kuniamkia, acha. Ukidhani ni uzee, nimechanganya mambo, nenda kwa shangazi yako, bado yupo nyuma ya mashine ya kusaga. Aliona yote, na atakueleza neno kwa neno. Shahidi mwingine sina.

Baba yako