Macho Juu ya Barakoa

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka Mtwara nikiwa nimekaa kitandani, na kukaa kwenyewe ni habari njema. Mahindi ya Endasak yamebeba? Goti lako linakuruhusu kupanda mpaka shambani? Mjukuu wako Neema anayekusomea asome yote, asiruke hata pale atakapoona aibu.

Mama, nilipasuliwa tumbo. Utumbo ulijisokota nikiwa lindoni, nikaletwa hospitali nimejikunja. Nilimkataza binamu Daniel asipige simu nyumbani, usije ukapatwa na presha. Kwanza walinipima korona kwa kijiti puani, ndipo wakaniingiza chumba cha upasuaji. Mle ndani walikuwa wachache, wamejifunika kichwa hadi miguu, hata aliyenishika mkono sikumwona uso. Nikalala.

Nilipozinduka nilikuwa kama mtu anayeelea kwenye ule ukungu wa mlimani. Sauti zinakuja, zinaondoka. Ndugu hawaruhusiwi wodini kwa ajili ya korona, Daniel anaishia getini. Nesi mmoja, rika la binti yangu, alikuwa akija kila mara.

"Shikamoo baba. Hewa imetoka?"

Yaani kama nimejamba, maana hiyo ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka.

"Marahaba. Bado, mwanangu."

Nilikuwa nadanganya. Ilishatoka, lakini mtu mzima wa kwetu atamtamkiaje binti anayempa shikamoo neno kama hilo? Daniel angeruhusiwa kuingia ningemnong'oneza yeye, basi, akaseme.

Tumbo lilikuwa bado limejaa, daktari akaja akasema, "Baba, ikifika jioni hewa haijatoka, tunakurudisha kwenye upasuaji." Niliogopa sana, Mama. Hata hivyo ulimi ukakataa.

Nikasinzia. Ukungu ukashuka tena, nikasikia harufu ya moshi wa jikoni kwako na ng'ombe wakikohoa zizini. Ukaniinamia, umejifunga kitenge mdomoni kwa baridi, yamebaki macho tu. Ukaniuliza taratibu, kama zamani nilipoumwa tumbo, "Imetoka, mwanangu?" Nikajibu kwa sauti, bila aibu yoyote, "Imetoka, Mama. Tangu asubuhi."

Nikafumbua macho. Alikuwa yule nesi na barakoa yake, macho yamejaa kicheko.

"Asante, baba," akasema, akaenda kumwita daktari.

Daktari akaniminyaminya tumbo, akasikiliza kwa kifaa chake, akasema hakuna kupasuliwa tena. Baadaye nikapewa vijiko vichache vya uji mwepesi. Nililia nikiunywa, Mama, na sikujali nani ananiona.

Msalimie mke wangu Paulina, umweleze polepole, maana unamjua anavyoshtuka. Msalimie na shangazi wa Dongobesh, pamoja na mzee wa kanisa aombaye kwa sauti kubwa. Nikipata nguvu za kupanda basi nitakuja nipumzike huko.

Wakikuuliza nani aliniokoa na kisu cha pili, waambie ni wewe.

Mwanao,
Bura