Sufuria Zisizoonekana Kwenye Kompyuta

Adila shoga, leo nimeumbuka.

Mama mmoja wa Mlingotini kaja dukani kukodi sufuria tisa za lita hamsini za harusi. Nikatafuta kwenye ule mfumo wa kompyuta niliomtengenezea Bi Sihaba mwenye duka, nikamjibu zipo mbili tu. MBILI!

Akanyoosha kidole stoo: "Na zile zilizopandana mpaka dari ni ndoo, mwanangu?"

Kosa langu. Viti vina rangi, maturubai yana urefu, sufuria zina ujazo, mimi vyote nikavirundika kwenye safu moja ya "maelezo". Humo mfanyakazi mmoja kaandika "lita 50", mwingine "L50", Bi Sihaba mwenyewe "ya pilau la watu mia". Kompyuta itajuaje?

Najim, niliyesoma naye kompyuta, aliniambia tangu mwanzo: vitu viwe na jedwali lao, sifa jedwali lao, kila sifa mstari wake na kipimo chake. Nikamwona mjuaji!

Kabla sijazihesabu, yule mama kaenda kwa wapinzani wetu. Bi Sihaba kasema, "Jumatatu mfumo uwe umerekebishwa, la sivyo natafuta mwingine."

Sasa niko uani napima ujazo wa sufuria zote thelathini na saba kwa jagi la maji, niuandike upya. Mtaa mzima umekuja kutazama, na mimi leo sitaki mtu.