Kikombe cha Kwanza

Jumatatu, 28 Machi, mwaka wa saba wa Nyumba Moja

Agizo limefika shuleni. Taifa ni nyumba moja, Baba ni mmoja — kwa hiyo madhabahu ni moja. Kila familia isalimishe vibao vya majina ya marehemu wake kabla ya Qingming, siku ya makaburi. Badala yake tunapewa kibao cha Baba wa Taifa. Eti ndivyo alivyofundisha Konfusio! Nimefundisha maandiko ya Konfusio miaka kumi na tisa, sijapaona mahali hapo. Mkuu wa shule kanichagua kukusanya vibao vya mtaa wetu. Kisa, mwandiko wangu mzuri. Nimechoka hata kukataa.

Alhamisi, 31 Machi

Nyumba kumi na moja. Watu hawabishi. Wanafuta vumbi kwanza, kisha wanakupa. Mjane Geng alimfunga mumewe kwa kitambaa cha pamba. "Mwalimu, usimlaze kifudifudi. Kifua kilikuwa kinambana." Nikamwahidi. Kule ghalani vinakopelekwa, mlinzi kamwaga gunia zima kama viazi. Naona aibu.

Jumapili, 3 Aprili

Kimebaki kimoja mtaani: cha mama. Kwenye orodha nimeandika kiliungua. Anayeficha anapelekwa Shule ya Utiifu, kaskazini. Fundi Luo alipelekwa mwaka jana, hajarudi.

Nimemfukia mama ndani ya mtungi wa unga. Baba yangu katazama tu, kisha: "Angalau pakavu." Nimemwambia mara tatu — akija mkaguzi, inamia kile kipya. "Nina miaka themanini na moja, mwanangu. Sijawa kichaa."

Jumanne, 5 Aprili. Qingming

Mkaguzi Pang kaja tukiwa kwenye uji. Mwanafunzi wangu wa zamani. Mimi ndiye niliyemfundisha kusujudu. Kauliza juu ya kile kilichoungua. Nimedanganya vizuri, bila kujikwaa.

Ndipo baba akainuka, kama kila asubuhi tangu mama afariki. Akamimina kikombe cha kwanza, akakishika kwa mikono miwili. Akakipita kibao kipya. Akakiweka mbele ya mtungi wa unga, akainama. "Lianzhi, chai."

Pang akautazama mtungi.

"Mzee," akasema Pang, "siku hizi mnausalimia unga?"

Baba ndiyo kwanza akazinduka. Masikio yakamwiva. Sijawahi kumwona baba akiogopa, na imeniuma.

Pang akavaa kofia. Sheria inataka mashahidi wawili, kasema, anakwenda kuwaita. "Ni mbali kidogo, Mwalimu. Nitatembea." Baiskeli yake kaiacha hapa mlangoni.

Kwa hiyo tuna muda kidogo. Baba kakalia kigoda mbele ya mtungi. Nimemwomba asogee nikitoe kibao, nikikimbize kokote. Nimemwomba tena.

Anasema chai imepoa. Nisubiri, ambadilishie mama kwanza.