Mafundo Mawili, na Sauti Kutoka Biliqo

Jumamosi. Upepo ulianza mapema na vumbi likaingia mpaka ndani ya sufuria. Macho yananiwasha, koo limekauka kwa vigelegele, na nina furaha. Hilo la mwisho naliandika polepole. Sijaliandika hapa tangu mwaka jana.

Mnaosoma blogu hii mnajua nauza maziwa ya ngamia hapa Isiolo, na kwamba mume wangu Galgalo alikuwa akiyakamua kule Biliqo na kunitumia kwa lori. Jambo moja sijawahi kuwaambia. Kwenye mkono wa kila mtungi alifunga kitambaa cha bluu, usije ukapotea kati ya mitungi ya wengine. Fundo moja maana yake kuna shida, nitafute. Mafundo mawili maana yake niko salama, uza kwa amani. Hiyo ilikuwa siri yetu wawili.

Homa ilimchukua kwa siku mbili, wakati simu za huko zilikuwa hazishiki. Asubuhi ya siku aliyofariki nilipokea mtungi wenye mafundo mawili. Dereva wa lori la kesho yake ndiye aliyeniambia, na Galgalo alikuwa ameshazikwa.

Siku ile ya mafundo mawili niliuza maziwa nikiimba.

Nakiri: mwaka mzima nimemkasirikia marehemu. Niliamini aliyafunga mwenyewe, akiumwa, akinificha. Sikuthubutu kumuuliza mtu. Niliogopa jibu.

Ndiyo maana nilisimama upande wa wanafunzi wa klabu ya redio ya chuo kimoja hapa mjini, walipokuja kwenye chumba chetu cha maziwa. Walitaka kutuunganisha na zahanati ya Biliqo kwa redio isiyohitaji mlingoti wa simu. Wauzaji wenzangu walicheka. Mama Amina aliuliza, "Huu waya wa kuanikia nguo ndio utaongea na Biliqo?" Tukakubaliana wajaribu leo. Wakishindwa, wabebe vitu vyao na chumba kibaki cha maziwa.

Nusu ya klabu ilitangulia Biliqo jana. Hapa, Rukia, mwenyekiti wao, alivuta waya kutoka paa letu hadi kwenye mgunga, na mwalimu wao mwenye leseni ya redio akakaa kando. Wanafunzi kwa wanafunzi walisikizana vizuri kabisa. Ilipofika zamu yetu, kila kitu kikaharibika.

Kule walimkalisha shemeji yangu Guyo, kaka mkubwa wa Galgalo. Nikabonyeza kitufe nikamsalimia. Nikaachia, nikasikia nusu neno. Nikabonyeza tena. Nikaachia, robo neno. Tukaendelea hivyo mpaka Mama Amina akaanza kuosha mitungi kwa kelele, makusudi.

"Mama, tafadhali," Rukia akanisihi, jasho likimtoka, "salamu baadaye. Toa ujumbe kwanza."

Hapo ndipo nilipoelewa. Bila shaka kule Biliqo kuna mtoto mwingine alikuwa anamwambia Guyo vivyo hivyo. Guyo! Mtu ambaye hata mnunuzi wa mbuzi hampi bei kabla ya kumuuliza habari za watu, ngamia, maji na mvua. Nami nilikuwa namsalimia wakati huohuo, neno juu ya neno, kama tunavyofanya tukikutana njiani. Njiani hiyo ni heshima. Kwenye redio hii, aliyebonyeza hasikii.

Nikaondoa kidole. Nikamwambia Rukia, "Tulia. Mkubwa amalize."

Na sauti ikaja, nzima, kama amesimama mlangoni. Watu wako salama? Maziwa yanauzika? Mvua mmeiona? Mwishoni akasema "nagaa", amani, kama tunavyofunga salamu kwa Kiborana. Nikajibu yote, nikauliza yangu, nikamaliza kwa nagaa. Akasubiri. Rukia akaandika kwenye daftari: hapa, anayemaliza aseme nagaa, halafu aachie kitufe.

Kisha Guyo akampa nafasi Jillo, mwanangu, anayechunga ngamia tangu baba yake atuache. Siku tisa sikuwa na habari zake.

"Mama, nimekula. Nagaa."

Ni hayo tu. Anajua ninachouliza kwanza. Chumba kilipasuka kwa vigelegele, na Mama Amina akaacha mitungi, akauliza foleni inaanzia wapi.

Kabla ya kumpisha, nilimuuliza Guyo swali langu. Kitambaa cha siku ile, nani alikifunga?

Nikasema nagaa, nikaachia kitufe. Nikadhani upepo umeangusha waya.

"Ni mimi, shemeji. Galgalo alikuwa hajitambui tena. Nilifunga mawili, kama nilivyozoea kumwona akifunga. Kwani nilikosea? Nagaa."

"Hukukosea," nikamwambia. "Nagaa."

Redio imepewa meza kando ya friji, bila hata mtu mmoja kupinga. Nami nitajifunza kuitumia vizuri, umri huu huu.

Jioni nimefungua yale mafundo mawili niliyoyatunza mwaka mzima, nikakifua kitambaa. Nimekianika uani, mbali na waya wa redio. Rukia ameniapisha.

Galgalo, hukunificha kitu. Nisamehe huo mwaka.

Nagaa.