Machozi Ambayo Kitinda Hana

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Kitinda ana ugonjwa wa ukavu: kinga ya mwili wake mwenyewe inazishambulia tezi za machozi na za mate. Kasema daktari wa magonjwa ya viungo, Ijumaa mchana. Habari imezitangulia salamu, uniwie radhi. Hujambo? Mama watoto na watoto hawajambo? Mgongo wako umetulia? Sisi tuko hai, na Kitinda, mdogo wetu, analala kwangu, chumba cha watoto.

Mambo ya msibani wewe ulisimuliwa na mumewe. Nami nilikuwepo. Mkwewe alipozikwa, Kitinda hakutoa chozi. Wifi yake akamrukia: "Lia, mchawi wee! Mama yangu kafa, unatukodolea macho?" Wakamlaza sakafuni, wifi akamsugua pilipili ya kusaga machoni kwa kidole gumba. Alipiga mayowe hadi sauti ikakatika. Chozi halikutoka. Ndipo mumewe alipochukua mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilivunja kiwiko cha kushoto. Mengine sikuyahesabu, wadogo zake walikuwa wamenikaba ukutani.

Mumewe mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa daktari wa macho, athibitishiwe kwamba mkewe ni mzima. Daktari alimwekea kipande cha karatasi kwenye ukope wa chini; baada ya dakika tano kilikuwa kimelowa milimita mbili tu, na jicho lenyewe limetoka kuchomwa pilipili. Damu nayo ikaonyesha kingamwili za ugonjwa huo. Lakini yule bwana anafuata vigezo vya zamani. Vipo sita, vinne vikitimia, kimojawapo kikiwa damu au kinyama kinachokatwa mdomoni kupimwa, unahesabiwa mgonjwa. Kitinda alikuwa na vitatu: anahisi mchanga machoni mwaka wa pili huu, karatasi, na damu. Cha nne kingekuwa ukavu wa mdomo. Aliulizwa, mumewe amekaa kiti cha pembeni, goti kwa goti. Akajibu mdomo hauna shida.

Alidanganya, Kaka. Hamezi tonge bila maji. Mkwewe aliyaona maji yale kuwa dharau kwa upishi wake, na kila glasi mezani ilimletea Kitinda kofi la mume. Akajifunza kukana.

Daktari akasema hajatimiza vigezo. Mumewe akamwambia mlangoni, "Umesikia? Kikavu ni roho yako tu." Jioni ile akampiga ngumi ya mdomo, meno mawili yakatoka. Nilikwenda kumchukua. Mumewe alinipasua bega kwa spana. Nikamtwanga usoni kwa kufuli la geti, pua ikalala upande. Usiniambie ningeongea naye kwanza.

Daktari wa viungo, mama mfupi mwenye sauti ya kuamuru, alinitoa nje hata mimi. Aliponiita ndani, Kitinda alikuwa ameshasema yote.

"Mimi natumia vigezo vipya," akaniambia. "Malalamiko yanafungua mlango tu, alama zinatoka kwenye vipimo. Damu tatu, karatasi moja. Nne zinatosha."

Nikamuuliza inakuwaje mtu huyo huyo awe mzima huku na mgonjwa kule.

"Hata kwa vya zamani sasa ni mgonjwa, maana mdomo ameusema. Tofauti ilikuwa ni nani kakaa kiti cha pembeni. Halafu vyote viwili vilitungwa kuchagua watu wa kuingizwa kwenye utafiti, si kumhukumu mtu. Mimi mgonjwa namtazama mzima mzima." Akaongeza kwamba hata meno yale yalikuwa yameshaoza kwenye fizi kwa kukosa mate.

Kitinda akacheka kwa upande mmoja, ule ambao haukuvimba. "Dokta, mimi vitunguu nakata kama nakata sabuni. Nikidhani ni kipaji!"

Sasa jambo lililonifanya niandike, kwa kuwa kwenye simu umenikatia mara mbili. Ulimwambia Kitinda arudi kwa mumewe akaombe radhi. Mumewe analitembeza neno hilo mtaani kama amri ya mahakama. Atakuja na wadogo zake kumchukua, na Baba Mdogo, mzee wetu wa huku, anasema hawezi kumzuia mwenye mke wakati wewe, mkubwa wa nyumba yetu, umeshamruhusu. Wifi yake amemwambia jirani: "Akirudi safari hii, atalia au atazikwa." Mimi namwamini. Pilipili nayo ilianza kwa maneno.

Lirudishe neno lako. Si kwangu, Baba Mdogo alisikie kutoka mdomoni mwako.

Barua hii anakuletea dereva wa lori rafiki yangu, atakuwa kwako Jumatano. Mpe chai, hadai zaidi. Msalimie mama watoto, bintiyo mkubwa, na yule mtundu anayejiita Jenerali. Shangazi anakusalimu, bado anakuita Mrefu. Mungu akupe afya, na akuongoze katika hili.

Jumatano hiyo hiyo Kitinda anakatwa kinyama cha mdomo kwa uchunguzi. Kesi ya shambulio dhidi ya mumewe inatajwa tarehe 20. Mumewe anakuja Jumamosi, tarehe 15, saa nne asubuhi. Baba Mdogo atasubiri simu yako hadi saa tatu.

Mdogo wako akupendaye.