Unga kwa Wifi, Mayai Kwangu

Mama,

Shikamoo. Salamu nimeitanguliza, usije ukasema mkaza mwana wako wa Kinondoni anaingia na maneno kabla hata ya kuvua viatu. Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike, na leo ndiyo mara ya kwanza nakaa kukuandikia. Nilikuwa naona haya. Nina jambo baya na jambo zuri la kukuambia, na nitaanza na baya kwa sababu hilo ndilo lililonifunga mkono muda wote huu.

Niligombana na Zuhura. Mwanao wa pekee wa kike, wifi yangu, tuligombana siku ya arobaini yako, mbele ya shangazi zake, kwa ajili ya sufuria yako ya kuokea kishi, ile pai yako ya nyama na mayai.

Najua unakumbuka ulivyonipa. Ulikuwa umelala chumba cha uani pale Temeke, mguu umevimba, mimi nakukanda kwa maji ya moto, ukasema, "Ile sufuria nzito chukua wewe, mie sipiki tena." Nikakukemea, nikakuambia Idd utapika. Lakini maneno niliyashika, na siku ya tatu baada ya maziko nikaifunga kwenye khanga nikaondoka nayo. Sikumwambia mtu, hata mwanao Hamisi, mume wangu, aliiona tu jikoni kwetu. Nilikosea. Vitu vya marehemu havitoki ndani mpaka ndugu wa damu wakae wavigawe, na mimi nimeolewa tu kwenye nyumba ile. Siku ya arobaini zikatolewa khanga zako, miwani yako, na ule mkoba mweusi wa harusi za watu. Zuhura akauliza sufuria iko wapi. Nikasema ninayo. Akasema, na kila mtu akasikia, "Udongo wa mama haujakauka, wifi kashahamisha jiko."

Mama, ulimi hauna mfupa. Nilimjibu, "Kanipa mwenyewe. Wewe hukuwepo."

Hukuwepo! Wakati unaumwa, Zuhura alikuwa mzazi wa siku chache, yuko ndani kule Pugu na kichanga chake, na wewe mwenyewe ndiye uliyemkataza asitoke. Nilijua yote hayo. Mimi ndiye niliyekushikia simu sikioni mkiongea, nikakusikia unamwambia amalize arobaini yake kwanza ndipo aje. Aliimaliza hajakuona tena mzima. Nilijua, na nikalisema vilevile. Zuhura alimbeba mtoto wake akaondoka kabla pilau haijapakuliwa, na tangu hapo hatukusemeshana. Nikipiga simu hapokei. Hamisi alijaribu kutupatanisha, nikamwambia aniache, nikajifanya mimi ndiye niliyeonewa. Kiburi changu unakijua, uliishi nacho miaka kumi na moja.

Sasa, Idd iliyopita, Baba, mumeo, akatamani kishi. Amekonda, Mama, shati zake zote zimekuwa kanzu. Chakula anagusagusa tu, anasema ameshiba. Kwa hiyo aliposema mwenyewe kwamba ana hamu ya kishi, nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Nikaamua nimpikie peke yangu, nimwonyeshe na Zuhura kwamba sufuria haikwenda kwa mtu asiyejua kuitumia.

Kumbe sijui. Miaka yote ile, kila ulipopika kishi ulitugawia kazi. Zuhura alikaa na unga kwa sababu mikono yake ni ya baridi. Mimi nilikaa na nyama, viazi na mayai. Mimi sikugusa unga na yeye hakuvunja yai hata moja. Ujazo wa ndani ninaujua nikiwa nimefumba macho: nyama ya kusaga ikauke kabisa, vitunguu vingi, tangawizi, pilipili manga, viazi vya kuchemsha vikatwe vidogo, kisha mayai na maziwa mwisho, nyama ikishapoa. Unga ndio nikaona si kitu, unga ni unga. Nikatia maji ya uvuguvugu, nikakanda kwa nguvu zangu zote mpaka ukalainika, nikaufunika upumzike. Nilikanda chapati, Mama! Nikaitandaza kwenye sufuria yako, nikamimina mayai juu, nikapalia makaa juu na chini kama ulivyotufundisha. Ilipotoka, kisu kilikataa kuingia. Nikajipa moyo kwamba ikipoa italainika, nikampelekea Baba.

Nilichokuwa sijui ni kwamba siku ileile Zuhura naye alimtuma bodaboda kutoka Pugu na kishi yake. Ganda la kwake lilikuwa zuri mno, jepesi, linavunjika mdomoni. Lakini mayai alikuwa ameyamwaga juu ya nyama inayotokota, yakaganda vidonge vidonge na maziwa yakabaki yanaelea. Baba alizitazama zote mbili mezani. Akamwambia Hamisi, "Mmoja kaniletea gae, mwingine kaniletea supu. Mama yao angewacharaza wote." Kisha akaomba chai na mkate mkavu. Sikukuu nzima alishindia chai, na kishi zetu zikaliwa na kuku wa jirani.

Hamisi aliponisimulia alikuwa anacheka. Mimi nililia. Niliona jinsi kishi ilivyokuwa inakwenda kufa pamoja na wewe, chakula ambacho marehemu mama yako alikitoa kwa yule bwana wa Kifaransa aliyempikia zamani, nguruwe akamwachia mwenyewe, jibini akaiacha hukohuko, akaweka viazi ili watoto wake washibe. Imevuka miaka yote hiyo, ije ifie kwenye mdomo wangu kwa sababu ya neno moja.

Basi Jumapili asubuhi nilinunua mayai na nyama, nikaiweka sufuria kwenye kiroba, nikaenda Pugu bila kutoa taarifa. Zuhura alifungua mlango, mtoto mgongoni. Amekuwa mkubwa yule, Mama, ana meno mawili na anafanana na wewe anapokasirika. Niliposalimia, Zuhura alijibu akiitazama sufuria, mimi hakunitazama. Nikadhani atanirudisha. Akaingia ndani, akatoka na bakuli la unga na maji ya barafu.

Tulipika kama watu wasiojuana. Niliona anavyofanya: hakandi kabisa. Anasugua siagi na unga kwa ncha za vidole mpaka vinakuwa kama chenga, maji anadondosha kwa kijiko, kisha anaviacha. Nikanyoosha mkono nimsaidie kukusanya. Akasema, "Ondoa mikono yako ya moto." Ni maneno yako, na kwa sauti yako kabisa. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia.

Nilimwomba radhi, Mama, nimesimama, nyama inaungulia. Nilimwambia siku ile nilijua ninachosema na nilikisema ili kimchome, na kwamba alikuwepo kuliko mimi, kwa sababu wewe ulikuwa unauliza habari zake kila nikuamshapo. Hilo sikuwa nimemwambia kamwe. Nililificha kwa wivu. Mimi nilikuosha, nilikulisha, na bado ulipofumbua macho uliuliza, "Zuhura kaamkaje?" Akakaa chini sakafuni na mtoto wake mgongoni, akalia kwa sauti. Alisema alichotaka ni kukuosha hata mara moja tu. Akasema hakuwa anagombania sufuria, alitaka kitu chochote ambacho mikono yako ilikishika sana. Kisha akaniambia nikageuze nyama.

Sufuria nimeiacha Pugu. Usinune. Najua ulinipa mimi, na mimi ndiye nimeitoa.

Kishi tuliipeleka Temeke mchana uleule, ingali ya moto. Baba alikata kipande, akatafuna taratibu, tukamsimamia kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Akasema, "Siyo yake hii." Zuhura alinishika mkono. Baba akameza, akafuta midomo, akasukuma sahani mbele. "Nikatieni kingine." Alikula vipande vitatu, Mama. Vitatu.

Sijui kama ulitugawia kazi zile makusudi. Hukuwa mtu wa mafumbo. Nadhani ulikuwa na jiko dogo tu na wanawake wawili waliokuwa wanakusumbua miguuni. Lakini wakati tunaosha vyombo, Zuhura alisema Jumapili ijayo nije anifundishe unga, ili siku Baba akiwa na hamu nisihangaike, nipike mwenyewe palepale Kinondoni. Nikamwambia sitaki. Alidhani namtania.

Mama, pumzika. Mwenyezi Mungu alipanue kaburi lako na alitie nuru. Baba tutamlisha, na mjukuu wako wa Pugu nitambeba mgongoni mwangu kama niliyemzaa. Na nakuahidi hili, nikiwa na akili zangu timamu: maadamu Zuhura yu hai, unga wa kishi sitaujua.

Rehema wako