Salamu za Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Sidii ya muvi imekufa. Chiriku ameiosha!

Jana iligoma katikati, picha ikaganda. Leo wakati naanika nguo yeye kachukua ule waya wa kusugulia sufuria, akatia sabuni, akaisugua pande zote mbili. Ameniletea imejaa michirizi kama imeparuliwa na paka. “Mama, nimeitoa uchafu.” Mkono wangu ulifika juu. Ukashuka wenyewe. Mtoto wa miaka sita, ningemlaumu nini? Mimi ndiye namwambia kila siku kitu kikichafuka kioshwe.

Yenyewe ni muvi ya kijinga. Wanaume wawili na farasi wanakimbiza wezi, basi. Lakini aliyeitafsiri ni baba yake. Ndiyo kazi yake: muvi inakuja na lugha ya wenyewe, yeye anajifungia kwenye kachumba kenye magodoro ukutani, anaongea juu yake kwa Kiswahili. Jambazi ni yeye, bibi harusi ni yeye. Na pale ambapo hakuna maneno, farasi wanatembea tu jangwani, watafsiri wote hujaza kwa salamu. Ya kwake inasema: “Hawa bado wanatembea, acha niwasalimie wangu. Mke wangu, punguza kununa. Chiriku wa baba, umelala?”

Na huyu kila siku anamjibu kwa kelele: “Sijalala!” Dakika mbili, kashalala.

Leo hajalala. Tangu baba mtu aondoke, hiyo ndiyo sauti yake iliyobaki humu ndani. Simu haipatikani. Wifi yangu anasema kaka yake yuko mbali, mji mwingine, kazi ngumu. Mbali gani huko kusikofika simu! Mimi sauti yake ningeisugua mwenyewe kwa waya. Lakini mtoto hajanikosea kitu.

Nimemwahidi nitaitafuta nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Watu wanatuonea wivu eti tunaishi katikati ya mji. Karibuni! Chumba kimoja juu ya duka la dobi ninakopiga pasi, mvuke wa pasi unatupandia kwenye ngazi mchana kutwa. Dirishani naona benki, duka la simu, duka la dawa, duka la simu, benki. Kila kitu kiko chini ya miguu yangu isipokuwa laibrari za kukodi muvi. Mitaa ya nje huko wanazo mpaka vichochoroni, nasikia. Huku kodi ya pango imezifukuza zote.

Mapumziko ya mchana nikamuuliza mlinzi wa benki: kaka, laibrari iko wapi hapa? Akanielekeza kwa heshima zote. Kulia, kulia tena, jengo lenye nguzo. Nikaenda mbio, mikono bado inanuka wanga wa kola. Naingia — vitabu! Vitabu mpaka darini! Mkutubi, mama mmoja wa miwani, akaniuliza nasoma nini. Nikasema natafuta ile ya farasi, iliyotafsiriwa, nikodi siku mbili tatu. Nilisema kwa sauti ya dukani kwetu, ya kushindana na mashine. Vichwa vyote vikainuka.

“Mdogo wangu, hapa tunaazimisha vitabu. Hatukodishi farasi.”

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko cha mdomoni.

Jumatano, 5 Machi

Kona ya posta palikuwa na laibrari ya muvi, nakumbuka kabisa, tulikuwa tunaenda mimi na baba Chiriku tukiwa wachumba. Tunagombana mlangoni, yeye anataka za mapigano, mimi za kulia. Sasa wanauza vifuniko vya simu. Kijana wa pale kaniambia: dada, nani anakodi siku hizi, pakua kwenye simu. Simu yangu hii! Ikipokea picha moja inazima kama imezimia.

Mwingine ana meza nje ya duka la viatu. Anajaza muvi kwenye flashi.

“Mama, nakujazia mia.”

“Nataka moja.”

“Moja haijazi.”

“Ndiyo, nataka moja.”

Akaniangalia kama nimemtukana. Na ninayoitaka hana. Anazo za watafsiri wengine. Nilisikiliza kidogo — hakuna. Hawana hata salamu, wanatafsiri kama wanasoma mashtaka.

Alhamisi, 6 Machi

Sijatafuta. Mashati ya hoteli yamekuja yote kwa mpigo. Chiriku kauliza. Nimejifanya sikusikia. Kauliza tena. Nimemfokea. Nimemuomba radhi.

Ijumaa, 7 Machi

Imepatikana!

Mwenzangu wa pasi ndiye aliyejua. Kuna jengo nyuma ya soko la vitambaa, unashuka ngazi, unapita fundi saa, unapita mama wa nywele bandia, mwisho kabisa. Mwenye duka wanamwita Marehemu, maana kila mtu anajua biashara yake ilishakufa. Yeye mwenyewe anaitika. Mzee mwembamba, shati limenyooshwa vizuri (hilo naliona kwanza, ni ugonjwa wa kazi). Sidii ukuta kwa ukuta, zimepangwa kwa jina la mtafsiri, si la muvi. Nikamwambia ninayemtaka. Akaweka mkono kifuani.

“Huyu bwana ana koo! Wengine wanapiga kelele tu. Huyu ukisikiliza unahisi anaongea na wewe.”

Nikasema ndiyo, nimesikia hivyo.

Sikumwambia mimi ni nani kwake. Ningesema nini? Mke? Mke wa nani, yuko wapi?

Akaitoa. Akasema hii ni mpya, karudia kuitafsiri ile ile, ya zamani ilikuwa na mlio wa feni. Mimi ule mlio wa feni naujua, niliinunua mimi ile feni. Kaniachisha kitambulisho mpaka nirudishe.

Chiriku ameiweka chini ya mto. Nimemwambia kesho, nikitoka kazini. Leo sina nguvu hata ya kunyanyua rimoti.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeangalia. Niandike taratibu.

Deki iliikubali mara ya kwanza. Chiriku kakaa chini, miguu kanyoosha, mto kakumbatia. Sauti ikaanza, kweli safi, kama mtu yuko nyuma ya kabati. Nilikuwa nakunja nguo kitandani. Farasi wakafika jangwani. Chiriku akapiga magoti, tayari kujibu.

“Hawa bado wanatembea, acha niwasalimie wangu. Mke wangu wa pekee, asante kwa chai ya asubuhi. Na wewe Chiriku wa baba, hongera! Meno mawili tayari!”

Chiriku hakujibu. Alishika mdomo. Yale meno yake ya mbele yaling'oka baba yake akiwa keshaondoka, na sasa mapya mawili ndiyo yanachomoza. Akanigeukia, macho haya hapa!

“Mama! Amejua! Nani kamwambia?”

Mimi sijamchemshia chai huyo mwanaume tangu mvua za mwaka juzi.

Niliendelea kukunja. Shati lile lile, nalikunja, nalikunjua. Chiriku akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha. Mara ya nne akalijibu lile pengo baada ya salamu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea kwenye simu: “Bado madogo, baba.”

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia wifi. Nimemsubiri amalize kuniuliza hali, mtoto, kazi. Nikasema, wifi, mtoto wa kaka yako ana meno mangapi?

Akasema: “Yupi?”

Nilisikia hadi televisheni ya nyumbani kwake.

Nikamwambia asante, wifi yangu, umenijibu. Hapo ndipo maneno yakamtoka kama bomba limepasuka. Eti alitaka kuniambia, eti na yeye yuko katikati, eti damu ni yake na mimi ni mtu wake, amchague nani. Mtoto ni wa kike. Bado ananyonya. Nikauliza: na jina? Jina pia kampa?

“Wifi jamani, ni la utani tu. Chiriku wako wengi.”

Nimekata. Mume achukue, sawa, nilishamlia nikamaliza. Chai, sawa. Lakini jina lile alimpa huyu siku ya kwanza alipotamka “baba,” mbele yangu, kachumba haka haka. Kashindwa hata kutafuta ndege mwingine! Mvivu. Kazi ile ile, maneno yale yale, kabadilisha watu tu.

Jumanne, 11 Machi

Chiriku amefungua mdomo mbele ya kila mteja wa dobi. Wakili aliyefuata suti zake kaonyeshwa meno. Bosi kaonyeshwa. Anawaambia baba yake anamwona kupitia televisheni. Jioni nimemkuta ameisogelea mpaka pua inagusa kioo, kaachama, anasubiri farasi wafike jangwani ili baba ayaone vizuri.

Nimetoka nje kwenye ngazi.

Mwenzangu wa pasi anasema nimwache. “Shoga, anapungukiwa nini? Wewe ndiye unaumia, yeye anafurahi.” Nikamwambia atapungukiwa siku atakayojua. Na atajua. Na siku hiyo ataniuliza mimi, si baba yake: mama, ulikuwa unajua? Mwenzangu kageuza shati. Baadaye kidogo: “Basi mwambie. Lakini usimwambie ukiwa na hasira.”

Sasa nitamwambia lini? Kwa hesabu hiyo labda akiolewa.

Ijumaa, 14 Machi

Mbali! Mji mwingine! Kazi ngumu!

Leo nimekwenda kurudisha. Nimeona tu iondoke ndani, mengine baadaye. Chiriku nilimchukua, hakuna wa kumwachia. Amelia njia nzima, nikamwambia tutachukua nyingine ya baba, ya mapanga. Marehemu alipomwona analia akatafuta la kumbembeleza. Akainama kabisa.

“Usilie, bibi yangu. Huyu mtafsiri wako Jumamosi anakuja mwenyewe hapa, ananiletea kazi mpya. Kesho asubuhi. Njoo umsalimie, hana maringo.”

Kila Jumamosi. Anashuka ngazi zile, anapita fundi saa. Kutoka hapo mpaka dirishani kwangu ni mwendo wa chai kupoa. Anapita chini yetu huyu! Pengine nimemwona mgongo nikadhani ni mtu. Wiki baada ya wiki, na mtoto huku anamjibu kwenye kioo.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Marehemu kanirudishia kitambulisho, kasoma jina langu la mwisho, la mume, kanitazama. Muvi ya mapanga kanipa bila kuandika.

Chiriku alikuwa kanishika sketi. Machozi yamekauka palepale. Njiani hakuruka madimbwi, hakugusa vioo vya maduka. Tumefika mlangoni ndipo akasema: “Kesho ni Jumamosi.”

Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Kaamka kabla yangu. Nimemkuta kwenye ndoo anapiga mswaki, meno mawili tu, yale ya mbele, mengine kayaacha. Kauliza gauni la kutokea liko wapi. Nimemwambia aje akae kwanza.

Nimekunywa maji. Nimejipima, hasira ipo, lakini imelala. Nikamwambia. Sikupamba. Baba yako ana nyumba nyingine, hapa hapa mjini. Ana mtoto mwingine huko, mdogo, ni mdogo wako wa kike. Ndiye aliyeota meno mawili. Salamu zile ni zake. Wewe baba hajui kama umeng'oka meno wala kama yameota. Sijui kama atakuja siku moja kuyaangalia. Mimi nayaangalia kila siku.

Hakulia. Nilikuwa nimeandaa kanga ya kumfuta, nikabaki nimeishika.

“Na yeye anaitwa Chiriku?”

“Ndiyo.”

“Lakini Chiriku ni mimi.”

“Ni wewe, mama.”

Akafikiri. Anapofikiri anausukuma ulimi kwenye lile pengo, sasa pengo halipo, ulimi unagonga jino.

“Basi arudishe.”

“Arudishe nini?”

“Jina langu. Baba amtafutie yule lake.”

Nikasema tutazungumza tukishakunywa chai. Kagoma chai. Kajivalisha gauni, kalifunga mwenyewe mgongoni, vifungo vimeruka kimoja. Sasa kasimama mlangoni, viatu kavaa kushoto kulia. Naandika kwenye ukingo wa kitanda, sijui naandika kwa nini, labda ili niwe na kazi. Anauliza Marehemu anafungua saa ngapi. Naweza kusema leo hafungui. Angeniamini. Mpaka leo ananiamini.

Anafungua saa tatu, nimemwambia. Naye kaangalia saa ya ukutani, ambayo hajui kuisoma, kasema imefika.

Nimemwambia abadilishe viatu kwanza. Kainama anabadilisha. Leo anafanya haraka mno, niweke kalamu twende —